Kitambaa cha Kidevu

Karatasi ya korti ilimfikia Zainabu sokoni Baraka, mashariki mwa Kongo, Jumanne asubuhi, akiwa ameketi nyuma ya gunia lake la ndagala, wale dagaa wa ziwani. Aliyeileta alikuwa karani mmoja mnene, shingo imelowa jasho. Aliwauliza wauza chumvi mjane wa Jafari anakaa upande gani, na wauza chumvi wakamwonyesha kwa midomo bila kuacha kupima. Zainabu alijifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea karatasi, akaitazama, akamrudishia.

“Unisomee,” alimwambia.

Karani alisoma kwa Kifaransa, kisha akaeleza kwa Kiswahili. Alhamisi, saa tatu, majaji wa rufaa wangekaa katika ukumbi wa ushirika wa wakulima, kwenye barabara ya kupanda Fizi. Wangesikiliza kesi ya Ndayisenga, yule mkimbizi wa Burundi aliyehukumiwa kufa kwa kumuua Jafari. Avoka wa Ndayisenga, yaani wakili wake, ndiye aliyeomba Zainabu aitwe. Karani alipomaliza alibaki amesimama kidogo, kama mtu anayengoja kilio kianze ili apate kuondoka kwa heshima. Zainabu akamuuliza kama anataka ndagala.

Ndivyo alivyokuwa kwa miezi kumi na minne. Halii, hacheki, hagombani na mtu. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Chumvi ikizidi hakujua, ikipungua hakujua. Binti yake Yasmina, mwenye miaka saba, alikuwa amezoea kumvuta kitenge mara mbili, maana mara ya kwanza mama yake hakuwa anahisi.

Jafari alikuwa na pikipiki yake mwenyewe. Kila Alhamisi alikwenda Lweba kuchukua ndagala kwa wavuvi, akarudi kabla ya adhuhuri na magunia yamefungwa nyuma. Alhamisi ile hakurudi. Mahali barabara inapoteremka kwenye kijito chenye matete, watu walitoka ndani ya matete wakampiga risasi mbili za kifua. Wengine walisema walikuwa watatu, wengine watano. Hawa walisema wamekimbilia milimani, wale walisema hapana, wameingia ziwani kwa mtumbwi. Pikipiki haikuonekana tena. Jioni redio ilitangaza kwamba mfanyabiashara mmoja ameuawa na watu wenye silaha wasiojulikana, halafu ikaendelea na salamu za wasikilizaji.

Wenye pikipiki waliomkuta walimviringisha katika turubai la bluu. Uso wake ulikuwa tayari umefunikwa kwa koti lake mwenyewe, na hakuna aliyelifunua. Alifika nyumbani saa tisa. Kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa, kwa kuwa maiti wa Kiislamu hacheleweshwi, na hakuna daktari aliyeitwa kumtazama. Waliouona uso wake walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa kaka yake mkubwa, Mahmudu, ambaye ndiye aliyemwosha. Wa pili alikuwa Zainabu. Mke ana haki ya kumwosha mumewe, na Zainabu aliidai haki hiyo mbele ya wanaume wote, kwa sauti ambayo hajaipata tena tangu siku ile. Basi wakampa kazi ya kumimina maji.

Alichokikuta Mahmudu alipoondoa koti, Zainabu alikiona pia. Macho yalikuwa yamefumbwa. Kidevu kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa kilichopita chini ya taya, kikapanda hadi utosini na kukazwa huko kwa fundo, kama anavyofungwa maiti yeyote mwenye ndugu. Mahmudu alihangaika na lile fundo, akalifungua, akatupa kitambaa ndani ya beseni, akaendelea kuosha. Hawakusemezana. Kwa watu wa pale, mwenye kuosha maiti anafunga mdomo wake. Alichokiona kwenye kitanda cha kuoshea kinabaki kitandani, na hata akiulizwa na mke wake mwenyewe hamwambii.

Siku ya tatu askari walimkamata Ndayisenga. Alikuwa mkulima, anakaa kambi ya wakimbizi upande wa Lweba, na shamba lake la mihogo la kukodi lilikuwa karibu na kile kijito. Walimkuta na shati lenye damu, upindo wake wa chini umechanwa. Hawakumkuta na bunduki wala pikipiki. Kwa kuwa Jafari alikufa kwa risasi, kesi ilikwenda kwa majaji wa kijeshi. Wakaja Baraka, wakakaa siku mbili, wakatoa hukumu ya kifo, wakaondoka. Zainabu hakuwaona. Alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na mjane wa eda hatoki kwenda kukaa mbele ya wanaume, wawe majaji au wawe nani. Aliambiwa tu kwamba muuaji amepatikana. Akasema alhamdulillahi, kwa sababu aliona wote wanamngoja aseme kitu.

Sasa, Jumanne ile ile ya karatasi, saa za alasiri, alikuja Marie-Goreth.

Huyu alikuwa mke wa Ndayisenga. Tangu kiangazi alikuwa akija kila Jumanne, anasimama kando ya gunia, anawaacha wateja wote wapite, kisha ananunua kopo moja la ndagala na kwenda zake bila kusema zaidi ya salamu. Zainabu alijua ni nani. Wauza chumvi walimwambia siku ya kwanza, wakamkodolea macho waone atafanya nini, na walipoona amenyamaza tu walirudi kwenye chumvi yao. Leo Marie-Goreth hakusimama kando. Alichuchumaa mbele ya gunia, uso kwa uso.

“Mama Yasmina,” alisema, “mi sikuye kukulilia. Niko na swali moya tu.”

Akaeleza taratibu, macho yakiwa kwenye ndagala. Mume wake siku ile alikuwa anatoka shambani. Alisikia risasi, akajificha ndani ya mihogo mpaka kukawa kimya. Alipotoka alimkuta Jafari kando ya barabara, amekwisha kukata roho. Alimfumba macho. Akachana upindo wa shati lake akamfunga kidevu, kwa sababu kwao pia maiti haachwi mdomo wazi. Akamfunika kwa koti. Halafu akakimbia, maana yeye ni mkimbizi, na mkimbizi akikutwa na maiti barabarani hana la kueleza.

“Aliyasema hii yote mbele ya bajuji,” Marie-Goreth alimaliza. “Batu balimucheka. Prokirer, ule wa kushitaki, akasema ni bwana yako alimuchana shati wakipigana. Sasa ni we njo ulimwosha. Ulikuta kidevu kimefungwa ao hapana?”

Zainabu alichukua kopo, akalijaza, akalipunguza kidogo juu, kama anavyompimia mtu yeyote.

“Kwetu, mwenye kuosha hasemake kile aliona.”

“Hata kama mutu atakufa juu ya ile?”

Zainabu akamuuliza shati lilikuwa la rangi gani. Hakujua kwa nini ameuliza.

“Ya miraba,” alisema Marie-Goreth. “Kijani na nyeupe. Tuliipata kambini, siku banagawa nguo.”

Akalipia kopo lake, akafunga ndagala kwenye pembe ya kitenge, akaondoka. Kandambili zake zilikuwa mbili za rangi mbalimbali.

Soko lilipoanza kutawanyika Zainabu alikunja mdomo wa gunia, akausokota, akanyoosha mkono chini ya kiti kutafuta kifungio chake. Akakizungusha mara mbili. Alipofika kwenye fundo mikono yake ikasimama.

Kilikuwa kitambaa chembamba, kirefu kama mkono na nusu, cha miraba ya kijani na nyeupe. Kijani kilikuwa kimepauka na nyeupe imekuwa rangi ya samaki. Alikitazama kwa muda mrefu, akiwa hana haraka. Mahmudu siku ile alizika kila kitu pamoja na maji ya kuoshea, lakini kitambaa hiki kilikuwa kimeng'ang'ania ubavuni mwa beseni. Zainabu alipokwenda kusugua beseni alikikuta, akakifua, akakianika kambani pamoja na nguo za mtoto, kama mwanamke anavyofua tambara lolote lililo mbele yake. Eda ilipokwisha na yeye akaanza kuuza ndagala, alihitaji kitu cha kufungia gunia. Mikono ilijua kilipotoka. Kichwa hakikuwa kimeulizwa.

Alimaliza kufunga fundo, akajitwika gunia, akaenda nyumbani.

Nyumbani alikuta Mahmudu ameshafika. Mahmudu alikuwa na boti mbili za kubeba mizigo ziwani, na kila magharibi alipitia kwa Zainabu kumsalimia mama yake, kwa sababu yule bibi alikuwa anakaa humo, katika nyumba ya Jafari. Bibi alikuwa amelala tayari. Walikaa barazani, Zainabu akachambua sombe, majani ya muhogo, na Mahmudu akazungumza habari za mashine ya boti iliyogoma, na za fundi mmoja anayejua kufungua kila kitu na kutojua kurudisha hata skrubu moja. Zainabu alimwacha amalize.

“Shemeji,” alisema, “ile shati uliiona kortini?”

Mahmudu alitoa kofia, akaiweka gotini, akaitazama ndani.

“Niliiona.”

“Upindo yake?”

“Niliona, Mama Yasmina. Niliona siku ya kwanza, mara banaitoa ku mufuko.” Akasugua kofia kwa kidole gumba. “Baliniuliza kama nilikuta kitu ku maiti. Nikasema kwetu mwoshaji hasemi. Si uongo. Nilisema uongo?”

Zainabu alisema hapana, si uongo.

Hapo Mahmudu akamweleza jambo ambalo hajawahi kumweleza, kwa sauti ya chini kwa ajili ya yule aliyelala ndani. Siku tatu baada ya maziko mama yake alikuwa hafumbi macho. Alikaa mlangoni mchana na usiku, na kila mwanamume alipopita njiani, hata jirani, hata muuza mafuta, mama alimwuliza Mahmudu: je, si huyu? Kisha wakamkamata yule Mrundi.

“Siku ile mama akalala. Akalala mpaka jua ikatoka. Sasa unataka niende kumwamsha?”

“Na kama si yeye?”

“Kama si yeye, ni nani? Nipe jina. Nipe jina moya tu, kesho asubuhi niko mulangoni kwake.”

Zainabu aliendelea kuchambua sombe. Alingoja Mahmudu amtishe, amkumbushe nyumba ni ya nani, ziwa ni la nani, mtoto ni wa ukoo gani. Hakumtisha. Alisimama, akavaa kofia, akasema Alhamisi ampitie waende pamoja. Ingekuwa rahisi zaidi kama angemtisha.

Jumatano Zainabu aliuza ndagala. Alifungua gunia asubuhi, akalifunga jioni. Hakukificha kitambaa wala hakukitoa. Mara mbili alijaribu kufikiri kuhusu mtu anayeitwa Ndayisenga, aliyekaa gerezani miezi kumi na minne akingoja kuuawa, na mara zote mbili akajikuta anafikiria bei ya chumvi. Hakuwa ameamua. Alikuwa amekiacha kitambaa pale kilipo, na kama mtu angemuuliza angesema hivyo hivyo.

Alhamisi alimwambia Mahmudu atangulie, yeye atakuja kwa miguu, kwa sababu baada ya korti atakwenda moja kwa moja sokoni. Akafika ukumbini na gunia kichwani. Askari wa mlangoni alimtazama kuanzia gunia hadi miguu.

“Mama, na ndagala nazo ziliitwa kutoa ushahidi?”

Watu waliokuwa uani wakacheka. Zainabu alimwambia zikibaki nje zitaibwa. Askari akasema yeye mwenyewe ana njaa lakini ana kazi pia, na akamwonyesha pembe ya ukuta ambako wengine wameweka baiskeli na majembe. Zainabu akalitua gunia pale, akaingia.

Majaji walikuwa watatu, wenye kombati, nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa kitambaa chekundu. Juu ya vichwa vyao ukutani kulikuwa bado na karatasi ya ushirika inayoonyesha jinsi ya kupanda karanga. Mkalimani alisimama kando. Yule karani mnene aliandika. Upande mmoja alikaa prokirer, na upande wa pili avoka wa mshtakiwa, kijana mrefu aliyeitwa Bertin, ambaye viatu vyake vilikuwa na vumbi la njia nzima kutoka Uvira. Marie-Goreth alikuwa mbele, mgongo umenyooka.

Ndayisenga alikuwa amekaa kwenye benchi katikati ya askari wawili. Zainabu hakuwa amemwona hata siku moja. Alitazamia kuona kitu, hakujua nini. Aliona mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, magoti yakitokeza ndani ya suruali, mikono ya jembe. Macho yao yalipokutana Ndayisenga aliinamisha kichwa na kukishikilia chini kwa muda, kama mtu anayeingia penye matanga.

Karani alitoa shati kwenye mfuko wenye karatasi ya namba. Bertin aliomba litundikwe, wakalitundika kwenye mgongo wa kiti, likakaa pale kama mtu asiye na kichwa. Damu ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia. Upindo wa chini haukuwepo, kuanzia ubavu hadi ubavu.

Prokirer alieleza kwa maneno marefu na mkalimani akayafupisha. Wavamizi walikuwa wengi na hawajulikani, lakini mmoja wao alikamatwa, na huyu hapa. Marehemu aliling'ang'ania shati la muuaji wake likachanika. Bertin aliuliza tangu lini mtu mwenye risasi mbili kifuani anachana nguo kwa mstari ulionyooka kuliko wa fundi cherehani. Watu wakanong'ona. Jaji mkubwa, mzee mwenye miwani, akagonga meza kwa kalamu.

Mahmudu aliitwa. Alisema yale yale ya mwanzo: kwao mwenye kuosha maiti hasemi alichokiona.

“Unakataa kwamba kidevu kilifungwa,” Bertin alimuuliza, “ama husemi tu?”

“Sisemi.”

“Basi hukatai.”

“Nilikwambia sisemi, avoka. Ukitaka unigeuze kama mukate, upande wa pili ni ule ule.”

Hata jaji mmoja alijizuia kucheka. Mahmudu akarudi kukaa. Jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa kanzu yake.

Wakamwita Zainabu.

Alisimama mahali alipoonyeshwa. Aliulizwa jina, akalitaja. Aliulizwa kama alikuwepo mumewe akioshwa, akasema alimimina maji. Jaji mwenye miwani akamwambia kupitia kwa mkalimani kwamba korti inaheshimu desturi za kila mtu, na hakuna atakayemlazimisha. Lakini mbele yake yupo mtu aliyehukumiwa kufa, na mashahidi wa maiti yule ni wawili tu duniani. Kidevu kilikuwa kimefungwa?

Zainabu alitazama lile shati. Alikuwa anaijua ile miraba, upana wa mstari mweupe, ule uzi mmoja mnene uliovimba katikati ya kijani kwa kosa la kiwanda. Vidole vyake viliupita uzi ule kila jioni.

“Tunaficha aibu ya maiti,” alisema. Sauti haikufika, mkalimani akamwomba arudie. “Mwenye kuosha anaficha aibu ya maiti. Kama alikuwa na kidonda kibaya, kama alijichafua, ile tunaificha. Bwana yangu hakukuwa na aibu. Mutu alimukuta njiani peke yake, akamufumba macho, akamufunga kidevu. Hii ni aibu ya nani?”

Mkalimani alikuwa bado anatafsiri Zainabu aliposema, “Mungoje kidogo,” akageuka, akatoka nje.

Askari wa mlangoni hakujua kama amzuie. Alimwona anachuchumaa penye gunia, anafungua fundo kwa meno, anarudi. Zainabu akapita katikati ya watu, akaweka kitambaa juu ya meza ya majaji, juu ya kile kitambaa chekundu. Harufu ya ndagala ikaenea meza nzima. Jaji wa kushoto akarudi nyuma kidogo.

“Njo hii,” alisema Zainabu. “Nilikuwa nafungia gunia.”

Karani alikileta kwenye kiti, akakinyoosha chini ya shati pale penye pengo. Alikisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia. Kisha mistari myeupe ikashuka kutoka kwenye shati ikaingia kwenye kitambaa bila kukatika, mmoja baada ya mwingine, na ule uzi mnene ukavuka kutoka upande huu hadi upande ule. Mkalimani hakuwa na la kutafsiri. Marie-Goreth alitia pembe ya kitenge mdomoni, akaiuma.

Prokirer alisimama. Alisema kitambaa ni cha shati hilo, sawa, macho yanaona. Lakini nani anajua kilitoka kwenye maiti? Mke wa mshtakiwa anaonekana sokoni kwa mama huyu kila wiki. Hata jana angeweza kumletea.

Jaji mwenye miwani alivua miwani, akaifuta, akamtafuta Mahmudu kwa macho katikati ya watu. Hakumwita kwa jina. Alimtazama tu, akangoja, na watu wote wakageuka kumtazama.

Mahmudu alikaa akitazama shati. Kisha akasimama, hakuja mbele, akasema pale pale alipo:

“Fundo lilikuwa juu ya kichwa, mara mbili. Mi njo nililifungua. Lilinisumbua, sababu lilifungwa na mutu mwenye mikono ya nguvu. Nilikitupa mu beseni.” Akaelekeza kidole kwenye kiti. “Njo hicho.”

Akakaa. Alionekana mzee kuliko alivyoingia.

Majaji walitoka, wakarudi saa nane. Hukumu ilisomwa kwa Kifaransa, na kabla mkalimani hajafungua mdomo watu walijua, kwa sababu Bertin alikuwa ameficha tabasamu nyuma ya faili. Hukumu ya kwanza ilikuwa imefutwa. Ndayisenga alikuwa huru kama hakuna jambo jingine linalomshikilia, na hakukuwa na jambo jingine. Kuhusu kifo cha Jafari, jaji alisoma, kilisababishwa na watu wenye silaha wasiojulikana, na uchunguzi unaendelea. Shati pamoja na kitambaa vingebaki na korti. Karani aliviweka katika mfuko mmoja, akaandika karatasi mpya ya namba.

Nje jua lilikuwa kali. Ndayisenga alipofunguliwa pingu hakwenda kwanza kwa mke wake. Alimjia Zainabu, akasimama hatua mbili mbele yake, akampa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama wanavyosalimia kwao.

“Pole kwa musiba, mama,” alisema. “Sikupata nafasi ya kukuya kukupa pole.”

Zainabu akasema ameshapoa, asante, kama anavyojibiwa kila anayetoa pole. Mkono wa Ndayisenga ulikuwa mzito na mkavu. Zainabu aliuangalia mkono ule, uliofunga lile fundo, mpaka mwenyewe alipouachia. Kisha Marie-Goreth akamchukua mume wake kwa mkono wa shati jipya la gereza, wakaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Lweba. Hawakugeuka. Zainabu hakutazamia wageuke.

Mahmudu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, karibu na gunia.

“Mama nitamwambia mi mwenyewe,” alisema.

“Umuambie leo?”

“Leo. Asiyasikie ku redio.” Alipiga teke jiwe dogo, taratibu. “Basi hatuna mutu, shemeji.”

“Hatuna.”

Mahmudu alitikisa kichwa. Alisema atatuma mtu amletee mkaa, kwamba usiku huu mama hatalala, itabidi kuwe na chai. Akapanda pikipiki ya kukodi, akaenda.

Zainabu aliinama kuchukua gunia, na hapo ndipo akaona kwamba halina kifungio. Mdomo wake ulikuwa wazi kama alivyouacha, na askari wa mlangoni alikuwa anatafuna kitu, macho yameelekea kwingine. Zainabu hakumsema. Akaukunja mdomo wa gunia, akausokota, akaukamata kwa ngumi. Kichwani halikukaa, maana lazima mkono mmoja ubaki umekaba. Basi akalikumbatia tumboni kama mtoto mkubwa aliyelala njiani, akateremka nalo barabara nzima mpaka sokoni.

Wauza chumvi walikuwa wameshajua. Yule wa mwisho, mama mmoja anayeitwa Immaculée, alimtazama anavyohangaika kuketi bila kuachia ngumi, akang'oa kamba ya mkonge kwenye kiroba chake cha chumvi, akamtupia.

“Achia, mama. Ndagala hazina miguu.”

Zainabu alijaribu kuachia. Vidole vilikuwa vimekakamaa, vimejikunja kwenye gunia, havikutaka kufunguka. Ikabidi avitoe kwa mkono wa pili, kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Kila kimoja kiliuma. Akavinyoosha mapajani akavitazama, vyekundu, vina alama za nyuzi za gunia, na maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko, hadi begani, yakafika kifuani, yakakaa hapo.

Mteja alikuja akauliza bei. Zainabu alimwomba angoje.